Mgonjwa wa Figo Asisahau Tezi ya Shingo

Mwezi huu tunazungumzia jambo lisilojulikana katika familia nyingi: mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo anaweza pia kuwa na upungufu wa homoni za tezi ya shingo, yaani thairoidi.

Tezi hii ipo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Ndiyo inayovimba mtu anapopata rovu, ingawa inaweza kuugua bila kuvimba. Homoni zake huuongoza mwili katika kutumia chakula ili kupata nguvu na joto. Zikipungua, moyo hupiga polepole, tumbo huwa zito na akili huchoka.

Figo na tezi vinahusianaje?

Tezi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, na yanayozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikidhoofika, madini hayo hubaki mwilini, na yakizidi huweza kuizuia tezi kufanya kazi. Tena, figo zinazovujisha protini kwa wingi hupoteza homoni pamoja nayo. Kwa upande mwingine, homoni zikipungua, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo huzidi kulemewa.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima 100 wenye figo nzima, 5 hivi walikuwa na upungufu huu. Kati ya 100 ambao figo zao zilikuwa zimedhoofika sana, walikuwa 23 hivi.

Dalili zake

Ni uchovu, uso kuvimba, ngozi kukauka, choo kigumu, usahaulifu na kuhisi baridi. Hapa Babati, Juni na Julai kila mtu hujifunika. Lakini mgonjwa anayeomba blanketi mchana wa Oktoba anahitaji kuangaliwa.

Tatizo ni kwamba nyingi ya dalili hizi huletwa pia na figo zenyewe. Kwa hiyo nyumbani husemwa, "Ni figo zile zile," au mama huitwa mvivu, na miezi hupita. Wakati huo mafuta huongezeka katika damu na moyo hudhoofika, kumbe tiba ipo.

Tufanye nini?

1. Mgonjwa wa figo mwenye dalili hizi amwulize daktari kuhusu kipimo cha damu kiitwacho TSH. Ugonjwa wa figo peke yake huweza kushusha baadhi ya homoni bila tezi kuugua, kwa hiyo daktari ndiye atakayeamua kama dawa inahitajika.

2. Akiandikiwa vidonge vya thairoksini, avimeze asubuhi kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali navyo kwa saa 4, maana huzuia dawa isiingie mwilini. Wagonjwa wengi wa figo hupewa dawa hizo, kwa hiyo mjulishe mhudumu dawa zote unazotumia. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

3. Tumieni chumvi yenye madini joto, lakini kidogo. Kuongeza chumvi ili kutibu rovu humuumiza mwenye figo mbovu, kwani hupandisha shinikizo la damu. Magadi ya kulainishia makande nayo yana sodiamu kama chumvi, kwa hiyo mgonjwa apikiwe bila magadi.

4. Msinunue matone wala vidonge vya madini joto bila ushauri wa daktari. Dawa za mitishamba na za maumivu kama diklofenaki zinaweza kuharibu figo zaidi.

Enyi akina mama na akina baba, mgonjwa wenu akipungukiwa nguvu siku hadi siku, msimlaumu. Mleteni kliniki, na mje na vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja.