Talaka Mahakamani (1): Kabla ya Hakimu, Baraza

Katika mtaa mmoja wa mji wa Tabora unaweza kukuta ndoa za aina tatu. Uislamu uliingia Unyanyembe, eneo la Tabora, pamoja na misafara iliyokuwa ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wakaja na kanisa. Wanyamwezi nao walikuwa wakioana kwa mahari kabla ya wote hao. Kila upande una desturi yake ndoa inapovunjika: mume Mwislamu hutoa talaka, wazee hudaiana mahari, na Kanisa Katoliki halitambui talaka kabisa. Lakini tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, zote hizo zinakutana mlango mmoja. Mbele ya sheria ya nchi, talaka hutolewa na mahakama.

Hata hivyo, mtu haendi moja kwa moja kwa hakimu. Kifungu cha 101 cha sheria hiyo kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza la namna hiyo, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mabaraza ya dini yaliyoidhinishwa, kama ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), nayo hufanya kazi hiyo. Wanandoa huitwa, wakasikilizwa, na wakipatana mambo huishia hapo. Wasipopatana, baraza hutoa hati kwenye Fomu Namba 3 kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, nayo huambatishwa na maombi ya talaka.

Hati hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haichukui nafasi yake, wala ya mjomba aliyesimamia kikao cha ukoo. Katika rufaa namba 246 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba bila hati halali maombi ya talaka yanakuwa yamefunguliwa kabla ya wakati. Watu wanaweza kuhangaika mahakamani miaka, kisha wakaambiwa waanze upya.

Kwa Waislamu, mpangilio ni muhimu zaidi. Baraza likishashindwa kusuluhisha, kisha mume akatoa talaka kwa sheria ya Kiislamu, mahakama hukubali kwamba ndoa imevunjika. Mwanamke aliyepewa talaka nyumbani kabla ya hapo bado ana safari ya barazani.

Zipo ruhusa chache za kuliruka baraza. Mume aliyekwenda machimboni Geita na hajulikani alipo ni mfano mmoja. Mwingine ni mwenzi aliyeitwa barazani akakataa kufika, au aliyefungwa miaka mitano na zaidi. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila kibali cha mahakama.

Ushahidi nao uandaliwe mapema. Hakimu anataka kuridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ukatili, uzinzi, kutelekezwa kwa makusudi, au kuachwa kwa miaka mitatu. Fomu ya polisi ya PF3, karatasi za hospitali na majirani walioshuhudia vina uzito kuliko malalamiko matupu.

Upande wa mali, chukua mfano wa familia inayolima tumbaku Urambo au Kaliua. Mke humwagilia kitalu, hupalilia, huchuma majani na kuyafunga kabla hayajaingia bani kukaushwa. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huingia kwenye akaunti ya mume. Kifungu cha 114 kinahesabu mchango wa fedha, mali au kazi, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa. Kwa hiyo mke akusanye stakabadhi za mauzo, nakala ya hati ya kiwanja, na majina ya waliomwona shambani.

Kwa watoto, ustawi wao ndio unaotangulia. Sheria huchukulia kuwa mtoto chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Sehemu ijayo itaeleza mgawanyo wa mali na rufaa, ambayo ina muda wa siku 45. Kwa sasa, mwenye nia ya kufungua shauri aangalie tarehe ya Fomu Namba 3 aliyo nayo. Ikiwa imepita miezi sita, arudi barazani kwanza.