Kuchagua Difu ya Gari la Otomatiki

Mkazi wa Mwankoko anayebadilisha difu ya gari dogo la kasi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hana budi kuuliza jambo moja kabla ya kulipa: uwiano wa meno ni upi? Uwiano hupatikana kwa kugawa idadi ya meno ya krauni kwa yale ya pinioni. Meno 43 kwa 10 ni 4.3, meno 41 kwa 11 ni takriban 3.7.

Uwiano mkubwa huongeza nguvu ya kuondoka na kupanda mlima. Lakini kwa mwendo uleule injini huzunguka zaidi na kula mafuta mengi. Uwiano mdogo hufaa safari ndefu, kama ile ya Singida hadi Dodoma. Gari la otomatiki husaidiwa na konveta, ambayo huzidisha nguvu wakati wa kuondoka. Kwa hiyo aghalabu halihitaji uwiano mkubwa sana.

Jihadhari na kipimamwendo. Katika magari ambayo kipimo hicho hutoka kwenye giaboksi, ukiondoa difu ya 4.3 na kuweka ya 3.7 bila marekebisho, kitaonyesha kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi, ilhali gari linakwenda takriban 58.

Mtake fundi ahesabu meno ya difu zote mbili, kisha dai risiti inayotaja uwiano. Bidhaa isipolingana na maelezo ya muuzaji, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani.