Kabla ya kufunga raba Voi, uliza ndovu wamepita wapi

Aliyezoea kukimbia asubuhi hapendi siku ipite bila kutoa jasho, hata akiwa safarini. Akikosa siku mbili tatu husema mwili umemganda na miguu imekuwa mizito kama magogo.

Mtu kama huyo akiwa mgeni Nairobi ataelekezwa msitu wa Karura au Arboretum. Akiwa Mombasa ataambiwa aende Mama Ngina, au ateremke ufuoni Nyali maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Je, akishuka Voi?

Swali hili si la mzaha. Tangu treni ya abiria ya SGR ianze safari zake mwaka 2017, imekuwa rahisi kwa familia ya Nairobi au Mombasa kushuka Voi kwa mapumziko mafupi. Kuna wanaokwenda kutazama wanyama Tsavo, wanaowapeleka watoto kwa babu na nyanya likizoni, na wanafunzi wanaojiunga na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi.

Wengi wao hubeba raba. Pia hubeba mazoea ya mjini, na hapo ndipo penye hatari.

SAA YA MJINI SI SAA YA VOI

Mkaazi wa mji mkubwa hujihimu. Saa kumi na moja alfajiri yuko barabarani, kwa sababu magari bado ni machache, hewa ni safi na kazini ataingia kwa wakati. Jioni hurudi tena jua likishatua. Anachohofia ni mwizi wa simu na matatu inayoendeshwa kiwazimu.

Voi mambo ni kinyume. Mji huu umepakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa mwaka 1948. Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwa pamoja zimemeza zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa eneo zima la Tsavo lilikuwa na ndovu karibu 15,000, kati ya zaidi ya 36,000 walioko nchini.

Ndovu hao hawajui mpaka wa mbuga. Usiku hutoka kutafuta maji na mazao, na alfajiri ndipo hurejea vichakani. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kiangazi, mabwawa ya mbugani yanapokauka, na wakati mahindi yanapokomaa mashambani. Sehemu kadhaa za mpaka zina uzio wa umeme, lakini ndovu akiamua kupita huuangusha.

Kwa hivyo, saa ile ile mgeni anapofunga kamba za raba, ndovu naye yuko njiani kurudi kwake. Wako wakaazi wa kaunti hii waliouawa wakiwa katika shughuli zao za kawaida. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, lakini hakuna pesa inayomrudisha mzazi nyumbani.

Mgeni basi afuate saa ya mwenyeji. Atoke kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha na watu njiani, kabla jua halijawa kali. Jioni atoke saa kumi na moja, na saa kumi na mbili imkute nyumbani.

Asijaribu kukwepa ndovu kwa kukimbia mchana. Voi iko karibu mita 600 tu juu ya bahari, na joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi, hasa kuanzia Januari hadi Machi. Kukimbia saa saba mchana ni kujitafutia kizunguzungu.

PA KUKIMBILIA MJINI

Mahali salama zaidi ni uwanja wa michezo wa mji, au uwanja wa shule iliyo karibu na unapolala. Shule ina wenyewe, kwa hivyo bisha hodi kwa mlinzi na uombe ruhusa. Ukizunguka uwanja wa kandanda kwa nje ya mistari mara 10, umekimbia karibu kilomita tatu na nusu. Hiyo yamtosha mtu aliye likizoni.

Anayechoka kuzunguka mahali pamoja atumie barabara za ndani ya mitaa yenye nyumba na maduka, kama vile Sofia na Mwakingali. Penye watu wengi asubuhi, habari za ndovu hufika mapema.

Barabara kuu ya Nairobi-Mombasa iepuke. Matrela hupita hapo usiku na mchana, na trela likikukaribia upepo wake pekee waweza kukuyumbisha. Ikiwa huna budi kuifuata kwa hatua chache, kaa nje ya lami, upande unaotazamana na magari yanayokuja. Muziki wa masikioni uache nyumbani, kwani huku masikio ndiyo walinzi wako.

Nayo mbuga usiifikirie kabisa. Huko mgeni haruhusiwi kutoka garini ila mahali palipotengwa.

UZIO WA NYUKI

Kusini mwa mji kuna Mlima Sagalla, ambao humvutia kila mkimbiaji anayeutazama. Lakini mashamba yaliyo chini yake yako kwenye njia za ndovu, na baadhi ya wakulima wameyazungushia mizinga ya nyuki.

Mizinga hiyo huning'inizwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Ndovu, licha ya ukubwa wake, huogopa kuumwa karibu na macho na ndani ya mkonga.

Mgeni asishike waya huo wala asiegemee nguzo hizo kunyosha misuli. Tena uzio wenyewe ni ujumbe tosha: hapa ndovu hupita. Ukitaka kupanda Sagalla, nenda na mwenyeji, jua likiwa limepanda.

RAHA IKO VILIMANI

Anayetaka kukimbia kwa kujinafasi apande matatu hadi Mwatate, kisha aelekee Wundanyi, kwenye vilima ambavyo wenyewe huviita Dawida. Wundanyi iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni baridi, ukungu hutanda asubuhi, na ndovu si tisho kubwa kama kule tambarare.

Uko uwanja wa Dawson Mwanyumba mjini Wundanyi, na kuna barabara za kuelekea Wesu na Werugha zinazopita kati ya mashamba na migomba. Anayependa kutembea ataufurahia msitu wa Ngangao. Misitu ya Taita ina ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani.

Kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200, urefu usio mbali sana na mita 2,400 za Iten, kituo maarufu cha wanariadha wetu. Kwa hivyo mgeni anayetoka Mombasa asione haya kutembea siku ya kwanza. Mapafu yaliyozoea hewa ya baharini yanahitaji siku mbili tatu kuzoea mlima.

Huko nako kuna hatari zake. Barabara ni nyembamba, kona ni kali na upande mmoja ni bonde. Bodaboda akishuka bila kuwasha injini humsikii hadi akufikie. Wakati wa kuteremka fupisha hatua, la sivyo magoti yatalalamika wiki nzima.

Usisahau adabu. Vilimani mtu hapiti mzee kimya kimya kama mwizi. Punguza mwendo, mwamkie, kisha uendelee. Aliyekuamkua ndiye atakayekukanya ukikosea njia.

Wanaofika Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania, watapata ardhi tambarare na mashamba ya migomba. Wabebe kitambulisho, na wasichezee ufuo wa Ziwa Jipe, kwani lina viboko na mamba.

UKIKUTANA NAYE

Ndovu huacha ishara kabla hujamwona: kinyesi kibichi njiani, matawi yaliyovunjwa usiku, bomba la maji lililong'olewa. Ukiona hayo, geuka urudi. Hakuna aibu.

Ukimwona kwa mbali, simama. Usipige kelele, usimrushie mawe na usitoe simu kumpiga picha. Rudi nyuma polepole, mwachie njia, na kamwe usiingie kati ya mama na mtoto. Ndovu huweza kufikia mwendo wa kilomita 25 kwa saa, na wakimbiaji wa kawaida hawawezi mwendo huo. Ukishafika salama, wajulishe wenyeji au maafisa wa Shirika la Wanyamapori (KWS) ili wengine waonywe.

WATOTO WASIACHWE

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki, na mtoto angalau dakika 60 kila siku. Dakika hizo hazihitaji barabara ndefu. Watoto wa mjini wakifika kwa nyanya, uwanja wa nyumbani unatosha kwa kamba, kati na bladaa. Watatoka jasho kuliko baba aliyekwenda kukimbia.

Mzazi mwenyewe, asubuhi ambayo wenyeji wamesema ndovu wako karibu, ajiunge nao. Kuruka kamba kwa robo saa si mchezo wa watoto pekee.

Kabla hujatoka, basi, muulize mwenyeji wako maswali matatu. Jana usiku ndovu walipita wapi? Watoto wa shule hutumia njia gani? Watu huanza kutembea saa ngapi? Akisita kujibu hata moja, vua raba ukanywe chai. Barabara itakuwapo kesho.