Vumbi Linavyokula Miguu ya Mbele ya Kwadi

Mwenye kwadi anayeileta kwenye gereji yangu hapa mtaa wa Section 58 huwa tayari ana cha kulaumu: shimo alilolikanyaga juzi, jiwe lililojificha majanini, au kijana wa shamba anayeendesha kama amefukuzwa. Mimi huinama nikaangalia raba. Kila boljointi, kiungo kinacholishika gurudumu la mbele, ina raba ndogo nyeusi inayoifunika, nyembamba, ya bei ya chini kuliko chochote kingine kwenye mashine ile. Raba hiyo ikipasuka, chuma kilicho ndani yake kinaanza kwisha, hata kama kwadi bado inakimbia vizuri. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika Bonde la Ufa, kinachomaliza suspensheni ya mbele ni vumbi zaidi ya mashimo.

Kwa asiyeijua, kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, yenye matairi manene yasiyojazwa upepo mwingi. Honda walianza na ya magurudumu matatu mwaka 1970. Suzuki wakaleta ya manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ile ya matatu, iliyokuwa ikipinduka na kuumiza watu, ikaacha kuuzwa Marekani mwaka 1988. Hapa kwetu utaiona Naivasha kwa wenye mashamba makubwa na kwa wanaotembeza watalii, na huku juu kwa wafugaji wanaoitumia kuvuta mikokoteni ya maziwa na nyasi. Kazi yangu kubwa ni magari ya Probox na pikapu. Kwadi huletwa ikiwa imefungwa kamba nyuma ya pikapu, maana mwenyewe ameshaogopa kuiendesha.

Muundo wake si mgumu kuuelewa. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma yenye umbo la herufi A, mmoja juu na mmoja chini. Sisi huiita ami. Upande wa fremu, ami inazunguka juu ya bushi. Upande wa gurudumu, imeungana na boljointi: kichwa cha chuma cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja la mbuzi unavyokaa kwenye nyonga. Kichwa hicho huruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona kwa wakati mmoja. Shoki na springi yake hubeba uzito. Tairodi huunganisha usukani na gurudumu, na kwenye ncha zake kuna viungo vidogo vya aina ileile ya boljointi. Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna beringi. Kwadi nyingi ndogo za bei nafuu zina ami moja tu kila upande, lakini kanuni haibadiliki.

Sasa vumbi. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, mwepesi na laini kama unga. Ukitoka Lanet kupanda Dundori wakati wa kiangazi, au ukizunguka nyuma ya Elementaita, utaliona vumbi likining'inia hewani baada ya gari kupita. Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, huchimbwa udongo mweupe uitwao diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyokuwa na maganda ya silika, vilivyolala chini ya ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo hutumika viwandani kusugulia vyuma ving'ae. Waliofuatilia mbio za magari za Safari Rally tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wanakumbuka jinsi madereva walivyozama katika mchanga laini wa njia za Kedong na Sleeping Warrior, magari ya mamilioni yakisimama huku injini zikikosa pumzi. Vumbi la namna hiyo likipenya kwenye grisi ya boljointi, grisi inageuka kuwa dawa ya kusaga. Kichwa kinasagika, kikombe kinapanuka, na kiungo kinaanza kucheza.

Shimo, kwa upande wake, huonekana. Likipinda ami utaona kwa macho, tairi likiegemea ndani au nje. Vumbi halipigi kelele mpaka siku kiungo kinachomoka.

Kutafuta ugonjwa ndiyo kazi yenyewe. Kufungua na kufunga ni nguvu tu. Mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Bahati aliniletea kwadi ambayo ilikuwa imebadilishwa shoki zote mbili, mpya kabisa, na bado usukani ulitetemeka. Akaniambia, "Fundi, nimemaliza pesa ya maziwa ya mwezi na mashine ni ileile." Nilimwambia, "Mzee, keti hapo, tuitingishe kwanza."

Inua mbele kwa jeki, uweke stendi imara chini ya fremu, magurudumu yaning'inie. Usiamini jeki peke yake, wala usipange mawe. Shika tairi juu na chini, usukume na kuvuta. Likicheza, kosa liko kwenye boljointi au kwenye beringi. Ili ujue ni ipi, mwambie mtu akamate breki ya mbele kwa nguvu huku wewe ukitingisha tena. Mchezo ukiisha, ni beringi, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu na chuma kinachobeba habu vikawa kitu kimoja. Ukibaki, weka kidole kwenye maungio ya boljointi, ile ya juu kisha ya chini. Inayosogea utaisikia chini ya kidole. Halafu shika tairi upande wa mbele na wa nyuma, utingishe kana kwamba unakata kona, mtu mwingine akishikilia usukani usizunguke. Hapo ncha za tairodi hujitaja zenyewe. Mwisho chukua mtaimbo mdogo, upenyeze kati ya ami na fremu, ukandamize taratibu: ami ikiteleza mbele na nyuma, bushi zimekwisha.

Kwa mzee yule ilikuwa boljointi ya chini, upande wa kushoto. Raba ilikuwa imechanika nusu na ndani mlikuwa na matope makavu. Shoki za zamani alizozitupa huenda zilikuwa nzima. Shoki iliyokufa hujulikana kwa urahisi: ukikandamiza mbele na kuachia, inadunda zaidi ya mara moja, na kwenye fimbo yake kuna mafuta yaliyoshika vumbi.

Kuitoa boljointi kunahitaji subira. Msumari wake, ile fimbo inayotoka kwenye kichwa cha mviringo, umechongwa ukiwa mwembamba kuelekea ncha, nao umejibana kwenye tundu. Vijana wengi hutoa nati na kuupiga msumari kichwani mpaka nyuzi zinaharibika. Legeza nati, usiitoe yote, kisha upige kwa nyundo ubavuni mwa chuma kilichoushika. Tundu hutanuka kidogo na msumari unaachia wenyewe. Zile zilizoshindiliwa kwenye ami zina pete ya chuma inayozizuia. Ondoa pete kwanza, ndipo utumie presi. Unapoingiza mpya, presi ikandamize ukingo wa kikombe tu. Ukikandamiza katikati, umeiua kabla haijatembea. Nati yenye spiliti hufungwa kwa spiliti mpya. Spiliti ya zamani iliyonyooshwa ni uchoyo unaoweza kumgharimu mtu uhai.

Nina jambo moja ambalo sitalinyamazia. Kuna mafundi wanaochomelea boljointi iliyolegea, au kuijaza chuma kwa weldi ili ikaze. Naheshimu jua kali. Nimelelewa humo, na fundi wa leithi akinitengenezea bushi ya shaba au ya nailoni ngumu kwa vipimo nilivyompa, naifunga bila wasiwasi wowote. Bushi hubeba mzigo kwa kuzungukwa pande zote, na hata ikichakaa, ami bado imeshikwa na boliti yake. Boljointi ni habari nyingine. Msumari wake umekazwa kwa moto kiwandani, na joto la weldi huuacha ukiwa umelainika hapa na kuwa mkavu pale, tayari kukatika. Grisi huungua, na ile plastiki iliyo ndani ya kikombe huyeyuka. Boljointi ya chini ikikatika kwenye mteremko, gurudumu hulala ubavu na kwadi humrusha aliyeipanda. Hana mkanda wala paa, na mara nyingi hana hata kofia.

Ami iliyopinda pia ibadilishwe. Bomba lililonyooshwa kwa nyundo hukumbuka lilipopinda na hurudi palepale.

Beringi nazo huuawa na mashine za kuoshea zenye presha kali. Kijana analenga mdomo wa bomba kwenye habu ili matope yatoke, na maji hupita kwenye sili yakasukuma grisi nje. Osha kwa maji ya kawaida na brashi. Ami zikiwa na nipo za grisi, ingiza grisi kwa pampu baada ya kuosha, mpaka ile chafu itoke na safi ianze kuonekana.

Baada ya kufunga kiungo chochote cha mbele, pima mwelekeo wa magurudumu. Hapa hakuna haja ya kompyuta. Nyoosha usukani, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi kwa mbele, usawa wa ekseli, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma kwadi mpaka alama zifike nyuma, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Tairodi ina nyuzi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande wa pili, kwa hiyo ukiizungusha inarefuka au inafupika bila kutolewa mahali pake. Usipopima, matairi mapya yatalika upande mmoja na utarudi kuilaumu boljointi.

Basi wewe mwenye kwadi, na hata mwenye Probox, kabla kiangazi hakijaanza piga magoti ukague zile raba moja moja ukiwa na tochi. Ukikuta imepasuka na kiungo hakijaanza kucheza, kisafishwe, kitiwe grisi mpya na raba mpya, kitaendelea kukutumikia. Kikishacheza, nunua kipya. Na fundi yeyote, hata awe mimi, akikuambia atakichomelea, pakia mashine yako uondoke.