Kutengeneza Seva Bila Kushuka Mlimani



Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa (1983) inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Kompyuta haichukui nafasi ya vitabu hivyo, ila nakala zake zikiwekwa kwenye seva, nazo zinadai utunzaji. Tuseme seva iko Tanga mjini, sisi tuko Lushoto, na masika yameporomosha udongo kwenye barabara ya Soni hadi Mombo. Seva imegoma kuwaka. Zamani ilibidi mtu ateremke na CD mkononi. Leo ipo diski pepe.

Seva nyingi za ofisini zina kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, yenye anwani yake ya mtandao. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Hii hubaki macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Tukiiagiza, huichukua faili ya ISO na kuionyesha kwa seva kana kwamba ni CD halisi.

Amri tunaziandika kwa programu ya curl, tukifuata utaratibu wa Redfish uliotolewa mwaka 2015. Hatua ni nne: InsertMedia, pamoja na anwani ya faili, kuielekeza seva ianzie kwenye CD mara moja tu, kuiwasha upya, na baada ya kazi, EjectMedia.

Swali kubwa ni faili ikae wapi. Ikitoka Lushoto, GB 2 kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa moja, na mtandao ukikatika ni sawa na kuchomoa CD kazi ikiendelea. Afadhali iwekwe mapema kwenye kompyuta iliyo jirani na seva, hukohuko Tanga. Kutoka mlimani itasafiri amri tu, maneno machache ambayo hata mtandao dhaifu huyabeba.

Tahadhari: anayeweza kuingiza diski hiyo anaweza pia kufuta kila kitu. Tubadilishe nywila ya kiwandani, tusiuache mlango wa usimamizi wazi kwenye intaneti, na tuanze na diski ya uokoaji kabla ya kufikiria kusimika upya. Baadhi ya seva hudai leseni ya kulipia kwa huduma hii. Tuulize kabla ya kununua.

Huu nao ni uwakili. Nyuma ya amri hizo yupo Mkristo anayesubiri cheti cha ubatizo ili afunge ndoa.