'Kuliko' moja, milango minne: Jinsi Kihispania kinavyolinganisha vitu

TOFAUTI ya neno moja dogo katika Kihispania yaweza kuvuruga biashara ya watu wawili waliodhani wameelewana. Mfanyabiashara akiandikiwa "No hay más que diez cajas", ameambiwa kwamba kuna masanduku kumi tu, na kumi hayo yapo. Akiandikiwa "No hay más de diez cajas", ameambiwa kwamba masanduku hayazidi kumi. Yaweza kuwa saba au hata matatu. Kilichobadilika ni 'que' kuwa 'de', lakini habari si ile ile tena.

Mtego huu una uzito kwa wasemaji wa Kiswahili. Lugha hizi mbili zimo miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Guinea ya Ikweta hutumia Kihispania kama lugha rasmi, na Umoja wa Mataifa, wenye ofisi kubwa mtaani Gigiri jijini Nairobi, una lugha rasmi sita ambazo Kihispania ni mojawapo. Mkalimani au mwanafunzi anayeingia katika lugha hii hana budi kujua jinsi inavyolinganisha vitu kwa vivumishi.

Kwa bahati njema, msingi wake haumtishi Mswahili. Kiingereza hubadilisha umbo la vivumishi vingi vifupi kwa kuvipachika kiambishi tamati. Kihispania, sawa na Kiswahili, aghalabu hukiacha kivumishi katika umbo lake na kuongeza maneno kando. Neno 'más' (zaidi) hutangulia kivumishi, na 'que' (kuliko) hufuata. Kwa mfano, "El Kilimanjaro es más alto que el monte Kenia" ni kusema kwamba Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mrefu kuliko Mlima Kenya wenye mita 5,199.

Hata hivyo, kivumishi sharti kipatane na nomino yake. Mswahili aliyezoea 'mlima mrefu' na 'milima mirefu' hatashangaa kuambiwa kwamba 'alto' huwa 'alta' kwa nomino ya kike, na 'altos' au 'altas' kwa wingi. Ngeli za Kiswahili ni nyingi kuliko jinsia mbili za Kihispania, hivyo mzigo wake hapa ni mwepesi.

Muundo huu una historia. Kilatini, mzazi wa Kihispania, kilikuwa na umbo moja la kulinganisha: 'altus' (refu) likawa 'altior' (refu zaidi). Umbo hilo lilipofifia katika usemi wa watu, kila eneo lilijitafutia msaada. Kihispania kilishika neno la Kilatini 'magis', ambalo ndilo 'más' la leo, ilhali Kifaransa na Kiitaliano zilishika neno jingine, 'plus'. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi yake maarufu ya Kihispania mwaka 1492, alieleza kwamba lugha hiyo ilibakiwa na maumbo machache tu ya kulinganisha, yakiwemo 'mejor', 'peor', 'mayor' na 'menor'.

Manne hayo ndiyo yanayomnasa mwanafunzi kwanza. 'Mejor' ni bora zaidi na 'peor' ni mbaya zaidi. Kwa kuwa Kiswahili huruhusu 'bora zaidi', Mswahili hushawishika kusema 'más mejor'. Hilo ni kosa, kwani maana ya 'más' tayari imo ndani ya 'mejor'.

'Mayor' na 'menor' nazo zina jambo lake. Kiswahili hutumia 'mkubwa' kwa umbo na kwa umri pia. Kihispania hupendelea kutenganisha: 'hermano mayor' ni kaka aliyetangulia kuzaliwa, na 'más grande' huhusu ukubwa wa umbo, ingawa nchini Mexico na kwingineko 'más grande' husikika kwa umri vilevile. Aidha, anayetaka kumtaja mzee kwa heshima husema 'una persona mayor'. Kumwita mtu 'viejo' kwaweza kuudhi.

Upande wa upungufu, Kihispania kina neno ambalo Kiswahili hakina mfano wake ulio mwepesi. "Este libro es menos caro que aquel" hutafsiriwa vyema zaidi kuwa 'Kitabu hiki si ghali kama kile'. Anayeng'ang'ania kutafuta neno la Kiswahili la 'menos' huishia kuandika sentensi ambayo hakuna mtu angeitamka.

Usawa nao huelezwa kwa 'tan' kabla ya kivumishi na 'como' baada yake: "Ana es tan alta como Luis", yaani Ana ni mrefu sawa na Luis. Panapokuwa na nomino badala ya kivumishi, 'tan' huwa 'tanto', nayo hupatana na nomino hiyo: 'tantos libros como' (vitabu vingi kama), 'tantas casas como' (nyumba nyingi kama). Kufanana kwa 'como' na 'kama' ni msaada mzuri wa kukumbuka, lakini si undugu. 'Kama' limetoka Kiarabu, na 'como' limetoka Kilatini.

Ugumu halisi umo katika 'kuliko'. Neno hili la Kiswahili hufanya kazi ambazo Kihispania kimezigawa katika milango minne.

Mlango wa kwanza ni 'que', unaotumika kitu kinapolinganishwa na kingine: 'más alto que yo', mrefu kuliko mimi. Hapa kuna ajabu moja. Kiswahili husema 'ni mwerevu kuliko mtu yeyote', lakini Kihispania husema "es más lista que nadie", kwa kutumia 'nadie', neno ambalo kwa kawaida humaanisha 'hakuna mtu'. Ukanushi huo hauigeuzi maana.

Mlango wa pili ni 'de', unaotumika mbele ya idadi: 'más de cien personas', zaidi ya watu mia moja. Kiswahili chenyewe kinatoa dokezo, kwa maana hapa Mswahili hasemi 'kuliko watu mia' bali 'zaidi ya watu mia'. Kiunganifu 'ya' kinasimama mahali pale pale panaposimama 'de'. Sentensi yenye ukanushi ndiyo huruhusu 'que' mbele ya idadi, na maana yake hugeuka kuwa 'tu', kama ilivyo kwa yale masanduku kumi.

Mlango wa tatu ni 'de lo que', unaotumika 'kuliko' inapofuatwa na kishazi chenye kitenzi chake. 'Ni ngumu kuliko unavyofikiri' huwa "Es más difícil de lo que crees". Wanafunzi wengi huandika 'que crees' peke yake, na sentensi ikabaki inachechemea.

Mlango wa nne ni 'a'. Kitenzi 'preferir' (kupendelea) hakipokei 'que' kati ya nomino mbili. 'Napenda chai kuliko kahawa' huwa "Prefiero el té al café", ambapo 'al' ni muungano wa 'a' na 'el'. Maneno 'superior' na 'inferior' hufuata njia hiyo hiyo: 'superior a', si 'superior que'.

Baada ya ulinganishi wa viwili huja upeo, yaani kukiweka kitu kimoja juu ya vyote. Tofauti na Kiswahili, Kihispania kina kibainishi, nacho ndicho kinachoamua: 'más alta' ni ndefu zaidi, lakini 'la más alta' ni ndefu kushinda zote. "La montaña más alta de América es el Aconcagua" yaeleza kwamba mlima huo wa Argentina, wenye mita 6,961, ndio mrefu zaidi katika bara hilo.

Ni vyema kutazama 'de' iliyomo katika sentensi hiyo. Mswahili husema 'mwanafunzi mrefu zaidi darasani', na kiambishi hicho cha mahali humvuta kuandika 'en la clase'. Kihispania husema 'de la clase', kana kwamba urefu huo ni wa darasa.

Panapokuwa hakuna mlinganisho, ila msisitizo tu, hutumika 'muy' (sana) au kiambishi '-ísimo'. 'Caro' (ghali) huwa 'carísimo', na 'rico' huwa 'riquísimo', kwa kubadili tahajia ili sauti ya 'k' isipotee. Viwili hivyo havipandi kitanda kimoja: 'muy carísimo' ni kosa. Wala '-ísimo' haifuatwi na 'que', kwa kuwa kazi yake ni kukoleza, si kupambanisha.

Hivyo basi, anayetafsiri 'kuliko' kwa Kihispania asikimbilie 'que' kabla ya kutazama kinachofuata. Ikiwa ni nomino au kiwakilishi, mlango ni 'que'. Ikiwa ni idadi, ni 'de'. Ikiwa ni kishazi, ni 'de lo que'. Na ikiwa kilichotangulia ni 'preferir', 'superior' au 'inferior', ni 'a'. Mwenye kulizoea swali hilo moja atakuwa amejiepusha na sehemu kubwa ya makosa, na mwenzake wa ng'ambo atajua kama masanduku ni kumi kamili au ni machache zaidi.