Maua ya Shaba: Mimea ya Pekee ya Vilima vya Katanga

Kati ya Kolwezi na Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msitu wa miombo hukatika ghafla mahali pengi na kupisha vilima vya nyasi visivyo na miti. Si moto wala shoka vilivyoiondoa miti hiyo. Sababu ni udongo wenyewe. Udongo wa kawaida huwa na makumi machache tu ya miligramu za shaba katika kila kilo. Kwenye vilima hivi hupimwa maelfu, na mahali pengine zaidi ya 10,000. Mara nyingi kobalti nayo imo kwa wingi. Kwa mmea wa kawaida hiyo ni sumu: shaba ikizidi huharibu mizizi, na mche hudumaa au hufa. Hata hivyo, wataalamu wameorodhesha juu ya vilima hivi zaidi ya spishi 600 za mimea, na baadhi yake hazijapata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Asili ya vilima hivi ni miamba ya kale sana iliyobeba madini. Baadhi ya miamba hiyo ni migumu kuliko ile inayoizunguka, kwa hiyo mvua za mamilioni ya miaka zilipoilainisha na kuichukua ile laini, yenye madini ilibaki imesimama. Katanga, viliko vilima hivi, ilikuwa jimbo moja hadi 2015, ilipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Utajiri wa ardhi yake haufanani kila upande. Huko Tanganyika kulikuwa na migodi ya bati ya Manono. Shaba na kobalti, pamoja na mimea inayozifuata, ziko zaidi kusini, katika Lualaba na Haut-Katanga.

Kila kilima cha shaba ni kisiwa katikati ya miombo. Mbegu ya mmea uliozoea shaba ikiangukia msituni hushindwa na miti na majani marefu. Mbegu ya msituni ikiangukia kilimani huuawa na shaba. Vilima viko mbalimbali, na baina yake kuna kilomita nyingi za udongo wa kawaida. Jamii ya mimea iliyotengwa hivyo kwa vizazi vingi huanza kutofautiana na ndugu zake wa msituni, hata ikawa spishi ya peke yake.

Kilima kimoja nacho si sawa kutoka juu hadi chini. Kileleni, penye miamba na udongo mdogo, hukaa mimea inayostahimili ukame, kama ile ya jenasi ya Xerophyta, ambayo hukauka kabisa kiangazi na kuchipua tena mvua inaponyesha. Mteremkoni, penye shaba nyingi, kuna nyasi fupi na maua ya msimu. Chini, shaba inapopungua, nyasi hurefuka na miti ya miombo huanza kurudi. Mabadiliko hayo ndiyo yanayofanya eneo dogo libebe spishi nyingi.

Mimea hii hukabili sumu kwa njia mbalimbali. Mingi huizuia shaba kwenye mizizi isipande kwenye majani. Michache huipokea na kuihifadhi ndani yake. Katika miaka ya 1970 Robert Brooks na wenzake walipima katika Haumaniastrum robertii, mmea wa jamii ya mrehani, kobalti ya kiasi cha asilimia moja ya uzito wa majani makavu. Baadaye Michel-Pierre Faucon na wenzake walionyesha kwamba vumbi la udongo lililoganda kwenye majani lilikuwa limeongeza vipimo vingi vya namna hiyo. Majani yakioshwa vizuri, shaba inayoonekana hupungua sana. Tangu hapo vipimo hufanywa kwa uangalifu zaidi.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Paul Duvigneaud, aliyeeleza mimea ya udongo wenye madini wa Katanga mwaka 1958, na ukaendelezwa na François Malaisse wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 2010 Faucon na wenzake walipitia upya orodha na kuhesabu spishi 32 zinazoota kwenye udongo wa shaba na kobalti peke yake. Miongoni mwa mimea inayojulikana zaidi kwa udongo huu ni Crotalaria cobalticola, wa jamii ya mikunde, wenye maua ya manjano. Mwingine ni Acalypha cupricola, wa jamii moja na muhogo. Wa tatu ni Basananthe cupricola, ndugu wa pasheni.

Watu walitambua zamani uhusiano wa mimea hii na shaba. Haumaniastrum katangense hupenda udongo wa shaba uliovurugwa, na huota hata mahali ambapo mafundi wa kale waliyeyusha shaba ya kutengenezea misalaba iliyotumika kama fedha. Kwa hiyo wanaakiolojia wameufuata mmea huo kutafuta tanuru zilizofukiwa. Upande wa Zambia, watafuta madini wa karne ya 20 walitumia ndugu wa mrehani, Ocimum centraliafricanum, kama dalili ya shaba iliyo chini.

Lakini kinachoipa mimea hii makao ndicho kinachowaita wachimbaji. Mgodi wa Étoile, karibu na Lubumbashi, umechimbwa tangu 1911, na leo kobalti inayohitajiwa na betri za simu na magari ya umeme imeongeza kasi ya uchimbaji. Mmea wa kilima kimoja hauna pa kukimbilia. Acalypha dikuluwensis, uliojulikana Dikuluwe tu, umetangazwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira kuwa umetoweka.

Kuuhifadhi mmea wa namna hii ni kuuhifadhi pamoja na udongo wake. Huko Tenke na Fungurume, kampuni ya uchimbaji kwa ushirikiano na vyuo vikuu imehamisha tabaka la juu la udongo na mimea yake, na kukusanya mbegu. Njia hizo husaidia, ila haziwezi kuumba upya kilima kilichojengeka kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo baadhi ya vilima vyapaswa kuachwa bila kuchimbwa. Faida ya mimea hii haiishii kwa wataalamu. Katika mtaa wa Penga Penga, Lubumbashi, ambako moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulitia ardhi sumu kwa miaka mingi, watafiti wa chuo kikuu wamepanda nyasi ya vilima vya shaba, Microchloa altera, ili ishike udongo na kuzuia vumbi lisifike majumbani. Mmea mwingine usingeota hapo kwa urahisi.